Mama wa Pampu na Sista Prossy

Kwa miguu. Niliwajua kwa miguu yao, basi fungeni mdomo, naona swali imeshafika kwa meno. Kila kijana anayeanza kazi hospitali anataka kuniuliza hiyo hiyo. Jajja, bibi yetu, wakati ya korona watu wote walivaa gauni, kofia, miwani, maski na gambuti, yale mabuti ya mpira, ulijuaje huyu ni dokta na huyu ni wa kufagia? Waliandika majina kifuani kwa plasta, ndiyo. Lakini mimi na kalamu hatujasalimiana hata siku moja. Kwangu plasta ilikuwa plasta. Nilitazama miguu. Dokta Muhwezi alitembea kama mtu anayefukuza kuku wa jirani, mbio, halafu anasimama ghafla. Furaha, mama wa Kongo aliyefua mashuka yetu, aliburuta kisigino ya kushoto. Na Sista Prossy, muuguzi mkubwa wa wodi, alitembea kama amebeba ndoo ya maji kichwani, shingo imenyooka, tone lisimwagike.

Mimi ni mjane wa polisi, nimekulia baraki, ndiyo maana Kiswahili yangu inapiga kwata namna hii. Usafi nilifanya miaka mingi, hospitali moja hapa Kampala. Jina sitaji, wakubwa wake bado wako hai na masikio yao ni nzima. Korona ilipoingia wakaninyang'anya ufagio, wakanibebesha pampu mgongoni, ile ya kupulizia nyanya, imejaa maji ya klorini. Wakasema, simama mlango ya wodi ya korona, hapo wanapovaa na kuvua.

Hii kazi isikieni vizuri, maana ugonjwa mwingine utakuja, na siku hiyo mimi nitakuwa nimelala kwangu Kibuli nakunywa chai. Kuvaa zile nguo si shida. Shida iko kwa kuvua. Mtu ametoka ndani, jasho imejaa gambuti, kiu imemkausha ulimi, anataka tu kung'oa maski apumue. Akigusa uso na ile mkono, basi, kesho yeye ndiye mgonjwa. Na mwenyewe hajioni. Wewe mwenye pampu ndiyo macho yake. Hafanyi kitu mpaka useme. Mikono, pssss. Gauni, vua ukikunja ndani kwa nje, kama unachuna sungura. Mikono tena. Miwani, inama, funga macho, vuta kutoka nyuma. Mikono. Toka nje ya mlango, ndipo maski. Mwisho ni maski, haijalishi unakufa kwa joto.

Na pale hakuna mkubwa. Ukisema simama, hata mkurugenzi anasimama. Alikuja mmoja, tumbo mbele, sauti imetoka kwa pipa: "Mama, hii kitu naijua, mimi nilisomea Ulaya." Nikamwambia, "Sawa mzee, ukifika Ulaya utavua unavyotaka. Hapa mikono juu." Akainua mikono kama mwizi wa soko la Owino. Ile siku nililala nikicheka peke yangu.

Nilikosea pia, msidhani. Wiki ya kwanza nilichanganya dawa kali mno. Dokta Muhwezi akatoka, akatazama chini. "Mama, hii suruali iliingia nyeusi." Nikamwambia, "Sasa ni ya harusi, dokta. Tafuta bibi harusi." Alikuwa kijana bado, anacheka haraka, anasahau haraka. Wakati huo bado.

Aliyenifundisha ni Prossy. Muganda wa kweli, herufi zake zinabadilishana viti ndani ya mdomo. Hakuniletea karatasi, alijua itakuwa ya kufungia karanga. Alinivalisha nguo yote, akasaga mkaa, akanipaka mikono, kifua, kila mahali, akasema, "Haya Maama, vua, na usiwe na halaka." Nikavua. Nilijiona hodari kabisa. Akaniletea kioo. Nilikuwa na mkaa kwa pua, kwa sikio, kwa shingo. "Ona," akasema. "Umekufa mara mbiri, na sikio imekufa ya tatu." Akacheka na mabega yote mbili. Prossy alikuwa akicheka hivyo, mabega inapanda na kushuka, sauti hakuna, kama gari inayokataa kuwaka. Mkifundisha mtu, fundisheni kwa mkaa. Maneno inatoka usiku huo huo, mkaa unaikuta kwa mto asubuhi.

Sasa nawaambia kipimo yangu, ambayo hakuna mtu alinifundisha. Ndani wanapima joto, wanapima hewa kwa kidole. Mimi mlangoni nilipima watu kwa kuwaigiza. Mtu anakuja kuvaa, namsalimia kwa sauti yake mwenyewe. Dokta Muhwezi namwambia mbio mbio, "Twende-twende-twende, nani ameshika oksijeni yangu." Furaha namwambia, "Mama, mashuka inanuka, mi naenda kurudia kwetu Bukavu." Akicheka, aingie. Akinitukana, aingie pia, anayetukana bado ana nguvu. Akilia, namkalisha kwa benchi, alie, anywe maji, halafu aingie. Waliolia nilikuwa siwaogopi. Walirudi kesho yake macho imevimba na kazi ikaenda.

Niliogopa waliosema "sawa".

Ilianza pole pole, hata mimi sikushika siku. Ile lokdauni ilikuwa mbaya, boda haibebi mtu, teksi zimelala, wauguzi wengine wameshaugua, wengine wanaishi mbali, hawafiki. Prossy hakwenda kwake tena. Watoto wake aliwapeleka kwa dada yake, yeye akalala kwa chumba ya wanafunzi wa uuguzi nyuma ya jiko. Asubuhi anaingia, anatoka kula kidogo, anaingia. Nikampuliza, nikaita hatua, mikono, gauni, miwani. Alifanya yote sawa sawa. Lakini zamani ningemwambia "mikono" angejibu, "Mikono ya nani, Maama, hii yangu au ya maiti?" Sasa anavua tu, kama nguo ni ya mtu mwingine na mwili pia.

Furaha akanijia kwa kamba ya nguo. "Mama, ule Sista anaanza kuniogopesha. Leo kwa chai alisimama, ananyoosha mikono mbili, anangoja mi nimupulizie dawa mbele ya kushika kikombe. Bote banacheka. Yeye hacheki. Anangoja tu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema pssss na mudomo. Ndiyo akakaa, akakunywa."

Kesho yake nikapima. Prossy alipokuja kuvaa, nikamwita kwa sauti yake, ile ya kuamrisha wanafunzi: "Nyinyi, mnatembea kama mnaenda kitandani, kira mtu ashike chati yake." Nilikuwa nangoja mabega. Watu wote walikuwa wanangoja mabega.

Akasimama wima, akasema, "Sawa, Sista." Akashika chati, akaingia.

Alijitii mwenyewe. Hakuna mtu alicheka pale. Tangu hapo sikuwa na shughuli nyingine kichwani. Wagonjwa wana madaktari wao. Mimi nilitaka kitu moja tu, Prossy atoke ndani ya ile wodi akiwa bado Prossy.

Basi siku iliyofuata nikamzuia. Nikaweka pampu chini katikati ya mlango, nikasema, "Wewe leo huingii." Akanitazama. Hakuuliza kwa nini. Akakaa kwa benchi, mikono kwa magoti, kama mtoto amefukuzwa darasani. Angeuliza kwa nini ningefurahi.

Dokta Muhwezi akaja mbio. "Nani amezuia Prossy?"

"Mimi."

"Ana joto?"

"Hana."

"Amekohoa?"

"Hajakohoa. Hacheki, dokta."

Akavua kofia, akajikuna. Macho yake ilikuwa nyekundu kama ya mtu wa jiko la kuni. "Mama, hacheki? Mimi nicheke? Nikimtoa Prossy, nabaki mimi na wanafunzi wawili, na mmoja anaogopa sindano. Niambie basi. Simama hapa, chungulia ndani, nichagulie nani afe leo ili Prossy acheke."

Mtanijibu nini hapo, nyinyi watoto wa semina? Na dokta hakuwa mtu mbaya, msimweke huko. Alikuwa anashika paa lisianguke, na Prossy ndiyo nguzo iliyokuwa karibu na mkono. Nikasogeza pampu. Prossy akainuka, akavaa, akaingia.

Nikajaribu uhuni. Kila mtu alikuwa na gambuti yake, kwa saizi, maana ikiwa kubwa utajikwaa, utapasua gauni. Za Prossy ndogo, miguu yake kama ya msichana. Nikazificha ndani ya kikapu ya mashuka safi. Akaja, akatafuta. Nikamwambia, "Bado zinakauka, Sista, kaa kidogo." Akakaa kwa benchi, akaegemea ukuta, akalala papo hapo, mdomo wazi. Banange, nilimtazama kama mama anatazama mtoto aliyekataa kulala tangu jana. Furaha akapita na beseni kwa ncha ya vidole, kisigino ile haikuburuta hata kidogo.

Nikafanya hivyo tena, na tena. Mpaka Dokta akatafuta shuka, akakuta buti. Akazishika juu. "Mama. Hizi zimetaga?" Nikasema nadhani ni panya. Hakunifokea. Alikaa kando ya Prossy aliyelala, kidogo tu, na mimi nikaona na yeye macho inaanguka. Akajipiga shavu, akasimama. "Jumapili," akaniambia. "Kuna muuguzi anatoka Masaka na gari ya chakula. Jumapili Prossy anaenda nyumbani, wiki nzima. Nakuapia. Mpaka hapo, mwache."

Nikashika ile Jumapili kama mtu anashika mkia ya ng'ombe kuvuka mto.

Katikati hapo walikuja wakubwa kutoka maofisi ya Nakasero, kutupongeza. Gari nyeusi, kioo imefungwa, haikupita geti. Mmoja akashusha kioo kidogo, sauti ya redio: "Nyinyi ni mashujaa wetu. Taifa inawaona." Wakaacha mikate kwa askari, wakageuza. Furaha akaminya mkate wake, akauliza, "Mama, bashujaa banakulaka mukate mukavu?" Tulicheka mpaka askari akatukataza. Prossy alikuwa amesimama pale pale. Alisema, "Webale," asante ya Kiganda, kwa gari ambayo imeshaondoka.

Sasa nawaletea Mzee Lakwo, maana bila yeye hamtaelewa. Mwanajeshi wa zamani, Mwacholi, mrefu mpaka miguu inatoka nje ya kitanda. Alilazwa karibu na mlango yangu, tunatenganishwa na pazia ya nailoni tu, kwa hiyo maneno yake yote niliisikia. Aliingia akiwa hoi. Walioletwa naye, upande ule wote, walikwisha mmoja mmoja, vitanda vikabadilishwa watu, yeye amebaki. Pumzi ikirudi kidogo anaitumia yote kwa kuongea: "Sista, mimi hapana kufa hapa. Mimi nimekataa risasi, nitakubali kikohozi?"

Na Prossy alimpenda. Ndani ya zile wiki alizokuwa kama ukuta, kwa Lakwo tu ndiyo nilisikia sauti yake ya zamani, laini, ile ya kumwamsha mtu bila kumshtua. "Mzee, umeamkaje? Mzee, kunywa kidogo, kwa ajili yangu." Alimgeuza, alimlisha uji, alimnyoa ndevu ili maski ya oksijeni ikae vizuri. Mimi nyuma ya nailoni nikajiambia, iko. Prossy bado iko ndani, imejificha kwa huyu mzee. Tumfikishe Jumapili tu.

Na Lakwo akapona, nawaambia mapema msikae na wasiwasi. Alitoka kwa miguu yake, nikampuliza mimi, akanipigia saluti. Baadaye alirudi na jogoo mwekundu, amemfunga miguu, akasimama getini jua kali, anataka kumpa Sista Prossy kwa mkono wake. Wakamwambia Sista hayupo. Akasema atangoja. Wakamwambia mzee, haji tena. Jogoo alituachia sisi. Furaha alimpika, na hakuna aliyesifu mchuzi.

Prossy sasa yuko Owino, anauza mashuka ya mitumba. Nikienda ananichagulia yale mazuri, ananiambia kaa, Maama, habali za Kibuli. Ananenepa. Mabega yake imeanza kurudi, siku nyingine naiona ikipanda nikimwigizia mteja mgumu. Lakini mtu akianguka sokoni, watu wakaita mtu wa tiba, "Musawo, hapa si kuna musawo?", yeye anakunja mashuka. Haangalii. Hata mtoto akiwa na joto, anamwita jirani amshike kipaji cha uso.

Watu wa semina walikuja ilipokwisha. Msichana mmoja, sauti nyembamba kama uzi: "Hali hii inaitwa uchovu mkubwa wa kazi, inatakiwa mtumishi apumzike mapema." Nikamwambia, mwanangu, jina limefika, mwenye jina ameshahama. Kwa hiyo nyinyi mtakaosimama pale na pampu, kipimo yangu mnayo. Mkiona mtu amekuwa sawa kwa kila kitu, msingoje Jumapili ya mtu. Pigeni kelele mpaka wakubwa wachoke na nyinyi. Mimi nilizuia mara moja, nikaficha buti, na ikaonekana ni utani wa mama wa pampu, maana siku zote ninatania. Hiyo ndiyo hasara ya kuchekesha watu.

Wengine wanasema Prossy aliondoka kwa sababu aliugua. Hakuugua. Wengine wanasema waligombana na Dokta. Hawakugombana. Nilikuwepo, na ilikuwa maneno tu, hata hayajazi kiganja.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, jua liko juu ya bati. Ambulansi imesimama nje, ndani yake kuna msichana amebeba mimba, midomo imekuwa ya bluu, mama yake ameshika mlango anaita majina yote ya Mungu anayoyajua. Vitanda vimejaa. Dokta Muhwezi amesimama upande wangu wa nailoni, anaita ndani, "Prossy, nitafutie kitanda. Kimoja. Popote." Na Prossy yuko ndani pale, karibu na Lakwo, kikombe cha uji mkononi. Lakwo ameketi, siku ya kwanza ameketi bila kushikwa. Uso umekuwa na rangi. Anafurahi kama mtoto, anasema, "Sista, ona, mimi nimekaa. Kesho nitasimama."

Prossy akazungusha kichwa, akatazama wodi yote, kitanda kwa kitanda, pole pole. Akamrudia Lakwo. Akainama, akamfuta uji kwa kidevu.

Sauti zote nawaigizia, ya mkurugenzi, ya Dokta, ya gari la Nakasero. Hii ya Prossy siigizi, nasema tu ilivyokuwa. Alisema kwa ile sauti laini, ya kumwamsha mtu bila kumshtua. Dokta akaisikia, mimi nikaisikia, Lakwo akaisikia, na naona na yeye mwenyewe akaisikia, maana kikombe ilianguka, na alipofika kwangu alivua yote kwa mpangilio, maski mwisho, akaenda, na ile wodi haikumwona tena.

"Mzee, wenzako walikufa upesi. Wewe unangoja nini?"